Kijani Kwenye Slaidi za Zuhura

Mwanangu Riziki,

Baba yako amekaza kamba ya sanduku lako kwa mara ya tatu, kwa hiyo la mizigo nimemwachia yeye. La chakula, la mavazi na la baridi ya Nairobi umeshaambiwa na kila aliyepita mlangoni wiki hii. Mimi nimengoja utoke uende kuwaaga jamaa, ndipo nikaketi mezani na kalamu. Sasa ni alasiri. Ninayo saa moja, labda na nusu, kabla hujarudi.

Nataka kulijibu swali lako.

Juma lililopita ulikuwa umeketi hapa hapa nilipo, simu mkononi, ukaniambia, "Mama, msimamizi wangu anataka nianze kwa kutia tishu za figo rangi za kung'aa. Ameniletea orodha ya kingamwili za pili, ndefu kweli kweli. Wewe ulikuwa ukichaguaje?"

Nikakujibu, "Soma katalogi."

Ukanitazama. Umenijua miaka yote kuwa mtu wa maabara, mtu ambaye akiulizwa habari ya kazi yake hamalizi. Nikainuka nikaenda jikoni kugeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Hukuuliza tena. Najua ulidhani nimechoka.

Sikuchoka. Swali lako lina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi liko kwenye katalogi, kama nilivyosema. Jibu refu ni mama yako mdogo Zuhura.

Nianze na kazi yenyewe. Unapotafuta kitu kidogo ndani ya tishu, tuseme protini ya kimelea, unaitumia kingamwili ya kwanza. Hiyo ni protini ya kinga itengenezwayo ndani ya mnyama, mara nyingi panya au sungura, nayo ndiyo inayokijua kitu unachokitafuta. Lakini yenyewe haionekani. Ndipo unaleta ya pili, iliyotengenezwa kwa mnyama mwingine, mbuzi kwa mfano, ikabebeshwa rangi. Ya pili haijui kimelea wala ugonjwa. Inajua jambo moja tu, kukishika chochote kilichotoka kwa panya. Inakishika, rangi inang'aa chini ya hadubini, nawe unasema nimekiona. Hujakiona, Riziki. Umeiona ya pili. Mengine yote umeyaamini tu.

Makosa madogo nimeyafanya yote. Nilipokuwa mgeni kazini nilitia kingamwili ya panya kwenye ini la panya. Ya pili ikashika kila kitu, maana ini lote lilikuwa la panya, na slaidi nzima ikawaka kama hoteli za Diani wakati wa sikukuu. Mwaka mwingine nilitafuta vitu viwili kwa pamoja, kimoja kwa kingamwili ya sungura, kingine kwa ya mbuzi. Nikaleta za pili mbili: moja ya mbuzi ya kumshika sungura, moja ya punda ya kumshika mbuzi. Ile ya punda ikazishika zote, kwa sababu hata hiyo ya kumshika sungura ilikuwa imetoka kwa mbuzi. Rangi mbili zikakaa pamoja kila mahali, nami nikafurahi siku nzima nikidhani nimegundua jambo. Tangu hapo, mbuzi akiwa mahali pa kwanza, za pili zote nachukua za punda. Makosa hayo yalinipotezea siku mbili tatu, na nilipokuja kuyaona nilicheka mwenyewe.

La Zuhura sikulicheka.

Ulikuwa darasa la tano. Mama yako mdogo alikuwa ameolewa Ramisi na Hamisi, aliyekuwa akikata miwa shambani. Unamkumbuka Hamisi, alikuwa akikuletea vipande vya muwa vilivyokwisha menywa ili usijikate mdomo. Zuhura alikuwa na biashara ya leso. Alikuwa akizifuata Lunga Lunga, mpakani, akiziuza nyumba kwa nyumba. Alikaa miaka minne bila kupata mimba, kisha akaipata. Ilipofika mwezi wa nane mtoto aliacha kucheza tumboni.

Walimleta hospitali ya huku Msambweni asubuhi. Wakati huo nilikuwa kwenye mradi wa utafiti, tukichunguza kondo za nyuma za akina mama waliopoteza watoto, ili tujue ni wangapi kati yao malaria ilijificha ndani ya kondo. Daktari Mwero ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi. Mimi nilikuwa mtia rangi wake. Nilipigiwa simu kwamba dada yangu mdogo yuko wodini, nikaenda, nikamkuta ameshaambiwa. Alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta. Hamisi alikuwa nje amechuchumaa.

Nilikaa naye mpaka alipojifungua. Kisha nikafanya jambo ambalo siku ile lilionekana jema. Nikamletea karatasi ya ridhaa mimi mwenyewe.

"Zuhura, tukiipata kondo yako tunaweza kuchunguza."

"Mtajua kilichomuua?"

Jibu la haki lilikuwa kwamba utafiti haumjibu mtu mmoja mmoja. Karatasi yenyewe ilisema hivyo, tena kwa Kiswahili kizuri. Nami nikamwambia, "Nitakuangalilia mimi mwenyewe."

Akatia sahihi bila kusoma. Mimi ndiye niliyesoma vitabu katika nyumba yetu, kwa nini asome?

Basi nikawa na deni la ahadi. Ilipopita wiki ya tatu nikaanza kazi ya slaidi zake. Kwa utaratibu wetu tulitumia kingamwili ya kwanza ya panya, inayoitambua protini ya kimelea cha malaria, na ya pili ya mbuzi yenye rangi ya kijani, ya kumshika panya. Chupa tuliyoizoea ilikuwa imekwisha, na nyingine ilikuwa imeagizwa haijafika. Kwenye friji kulikuwa na chupa iliyoachwa na watu wa mradi uliotangulia. Nikasoma kibandiko. Mbuzi, dhidi ya panya, kijani. Nikalinganisha na chupa tupu. Mbuzi, dhidi ya panya, kijani. Nikasema ni ile ile.

Haikuwa ile ile. Kwenye kibandiko cha chupa yetu ya zamani kulikuwa na mstari wa chini, wa maandishi madogo, uliosema kwamba imechujwa isishike kingamwili za binadamu. Kwenye hii mstari huo haukuwapo. Panya na binadamu wamepishana kwa mengi, lakini kingamwili zao zinafanana vya kutosha, na ya pili ambayo haikuchujwa inaweza kukosea ikamshika mtu badala ya panya. Mstari ule nilikuwa nimeuona mara nyingi kiasi kwamba sikuuona tena. Nao usipokuwapo, hakuna kinachokugutusha.

Ningeweza kujiokoa hata hivyo. Kila mara unapotia rangi unatakiwa uweke kando slaidi moja ya kulinganishia, usiyoitia kingamwili ya kwanza kabisa. Unaitia ya pili peke yake. Ikibaki giza, unajua ya pili haishiki ovyo. Ikiwaka, unajua umeharibikiwa. Nilijua hivyo. Nilikuwa nikiwafundisha wengine. Lakini vipande vya kondo ya Zuhura vilikuwa vichache, vimekatwa vibaya, na nilitaka vyote vitafute jibu. Nikaona ni hasara kutumia kipande cha dada yangu kwa kutazama giza.

Nikaingia chumba cha hadubini, nikazima taa. Kijani kilikuwa kila mahali. Kilifuata kingo za kondo, kikaingia kwenye vijishipa, kikang'aa vizuri, tena kwa mpangilio, hakikuonekana kama uchafu. Damu yake ilikuwa imeshapimwa na haikuonyesha vimelea. Nikajiambia vimelea vilikwisha kwenda, alama zao zimebaki. Jambo hilo huwa linatokea, kwa hiyo halikunishinda kuliamini. Nikaandika kwenye daftari langu: malaria ipo.

Siku ya arubaini nilikwenda Ramisi kwa boda boda. Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga leso kifuani kwa nguvu kwa sababu ya maziwa. Hakunipa hata nafasi ya kuketi.

"Dada, mmeona nini?"

"Ni malaria," nikamwambia. "Iliingia kwenye kondo."

Akakaza fundo la leso. Kisha akaniuliza zile dawa za kliniki, zinazopewa wajawazito, ni za nini hasa. Nikamweleza kwamba ni za kuzuia jambo lile lile. Nilimweleza vizuri, kama mwalimu. Sikujua kwa nini anauliza.

Alikuwa amekosa kliniki mara mbili. Siku hizo mbili alikuwa amekwenda Lunga Lunga kufuata leso, naye akamwambia Hamisi kwamba alikwenda kliniki na kila kitu ni salama. Kwa Zuhura, maneno yangu yalikuwa na maana moja, kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto. Nilipoondoka hakungoja. Jioni Hamisi alipotoka shambani alimweleza yote, kliniki, leso, malaria. Alikiri kwa hiari yake. Aliniambia baadaye kwamba alitaka tu mtu mwingine ajue, kwa sababu peke yake alishindwa kupumua.

Hamisi hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikwenda kulala kwa kaka yake. Walikaa hivyo wiki kadhaa, kisha akampa talaka mbele ya mashahidi wawili, na Zuhura akarudi nyumbani kwa bibi yako na mzigo wa leso ambazo hakuziuza tena. Unakumbuka alipokuja kulala chumba kimoja na bibi. Ulifurahi. Ulidhani amekuja kukusuka.

Haikupita miezi mitatu Daktari Mwero akawa anapanga matokeo yapelekwe kwa wenzetu wayasome. Akaniita. Alikuwa mtu mpole, akizungumza huku anafuta miwani.

"Slaidi za kulinganishia ziko wapi?"

"Za kundi la mwisho sikutengeneza."

"Tengeneza leo."

Hakunigombeza. Nikatengeneza. Nikachukua kondo za wanawake watatu, mmoja wao Zuhura, nikatia ya pili peke yake, bila ya kwanza. Nikazima taa, nikatazama. Zote tatu zilikuwa za kijani, kijani kile kile, kwenye kingo zile zile. Sikuhisi kitu. Nakumbuka kwamba mashine ya kupoza hewa ilikuwa inadondosha maji kwenye ndoo na nilifikiri kwamba ndoo itajaa, mtu aje aimwage.

Chupa mpya ilipofika nikarudia kazi yote kwa utaratibu, ya kwanza na ya pili, na hii ilikuwa iliyochujwa. Kondo moja iliwaka vidoa vichache, hiyo ilikuwa na malaria kweli. Ya Zuhura ilikuwa giza. Nilisogeza slaidi kutoka upande mmoja hadi mwingine, safu kwa safu. Giza tupu.

Nitakueleza sasa kile kijani kilikuwa nini, kwa sababu utakutana nacho. Katika miezi ya mwisho mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo ya nyuma. Kila ugonjwa alioupata na kupona, kila chanjo, anamgawia. Ndiyo maana kondo imejaa kingamwili za binadamu kuliko karibu tishu yoyote nyingine. Ile chupa mbaya ilizishika hizo. Nilichokiona kiking'aa nikakiita ugonjwa kilikuwa kinga ya Zuhura, iliyokuwa njiani kwenda kwa mwanawe.

Nilimwambia Daktari Mwero kwamba ya pili ilikuwa na kasoro. Akatikisa kichwa, akasema, "Tutaondoa kundi lile lote, tuanze upya. Ashukuriwe Mungu tumeligundua mapema, hakuna aliyeumia."

Hakujua kwamba nilimwambia dada yangu. Kanuni ilikuwa hairuhusu. Nikasema, "Ndiyo, Daktari." Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika kibandiko kipya cha friji.

Riziki, kuhusu chupa nimekwisha jisamehe. Mtu yeyote anaweza kusoma kibandiko vibaya, na ndiyo maana ikawekwa slaidi ya kulinganishia. Nisichoweza kukizunguka ni miezi minane iliyofuata. Kwa miezi minane nilijua, na Zuhura alikuwa akiishi nyumba mbili kutoka kwangu. Nilikuwa nikimwona akichota maji. Alikonda. Aliacha kujibu watu wakimwuliza hali, alikuwa akisema "nipo" tu. Nilijiambia talaka imekwisha toka, habari hii itamsaidia nini. Nikajiambia nitaondolewa kazini na wewe uko shule. Nikajiambia labda kweli ilikuwa malaria, vidoa tu havikupatikana kwenye vile vipande. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, hata ikanibidi nizikatae zote kwa pamoja, maana moja moja zilikuwa zinanishinda.

Nilikwenda kumwambia siku ya Ijumaa baada ya sala. Bibi yako alikuwa amekwenda kutazama mgonjwa. Zuhura alikuwa akichambua mchele. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, chupa, mstari uliokosekana, slaidi. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma ripoti. Alikuwa ameinamia ungo, na vidole vyake viliendelea kutoa chenga mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo si malaria."

"Haikuonekana malaria."

"Ni nini basi?"

"Hatujui, Zuhura."

"Tangu lini hujui?"

Nikamwambia. Miezi minane.

Akaweka ungo chini. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akaniuliza kama nimemwambia Hamisi. Nikasema bado. Akasema, "Nenda kamwambie."

Nikaenda siku ile ile. Hamisi alikuwa ametoka kazini, miguu imejaa majivu ya miwa iliyochomwa. Alinipa kiti. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyostahili. Nilipomaliza alikaa akisugua viganja, kisha akasema, "Shemeji, nimekusikia. Lakini hata kama si malaria, kliniki hakwenda na mimi aliniambia alikwenda. Hilo hukulitia rangi wewe." Akaniambia pia kwamba ameshaposa kwingine, Lunga Lunga. Hakulisema kwa kiburi. Alikuwa ananiarifu tu.

Nilirudi nikamweleza Zuhura neno kwa neno. Akasema, "Haya." Baada ya wiki mbili alihamia Kombani, akapanga chumba na kibanda njia panda. Tangu hapo hajaketi nyumbani kwangu. Mazishini tunakutana, arusini tunakutana, tunapeana mikono. Uliniuliza mara ngapi mbona mama mdogo haji Idi? Nilikwambia ana kazi nyingi. Uwongo huo ulikuwa mdogo na niliurudia kila mwaka mpaka ukaacha kuuliza.

Na Daktari Mwero nilimwambia mwishowe. Alivua miwani asiifute. Aliniondoa kwenye kazi ya tishu kwa muda, nikawa nasafisha vyombo na kuandika sampuli, kisha akanirudisha. Nikafanya kazi vizuri tangu siku hiyo hadi leo. Watu wananisifu kwa uangalifu wangu.

Sasa ukiniuliza ninachaguaje ya pili, nitakwambia. Naanza na tishu, siyo na orodha. Najiuliza tishu hii ni ya nani na ndani yake mna kingamwili za nani tayari. Kisha naangalia ya kwanza imetoka kwa mnyama gani na ni ya aina gani ndani ya mnyama huyo. Ndipo naitafuta ya pili inayomjua mnyama huyo na iliyochujwa isimjue mwenye tishu. Wewe unakwenda kwenye figo za watu. Damu ya watu imepita humo, basi mstari ule mdogo uutafute kabla ya bei. Rangi naiweka mwisho kabisa. Kijani kinapendwa na wengi, lakini tishu iliyokaa kwenye dawa ya kuhifadhia ina kijani chake cha asili, na chembe nyekundu za damu nazo hung'aa bila kuombwa, kwa hiyo mara nyingi nachukua nyekundu ya mbali, hata kama macho hayaioni na inabidi uiamini kamera. Na nikiwa na kipande kimoja tu cha mtu, kipande kisichotosha kwa ya kulinganishia, sifanyi. Narudisha kwenye friza. Wenzangu wanasema nimezidi. Sawa.

Lakini hayo yote utafundishwa huko na watu wanaojua kuliko mimi. Hawatakufundisha la kusema mtu anapokutazama na kukuuliza, mmeona nini? Mimi nilikuwa nimeona rangi. Ningesema, "Nimeona kijani, bado sijui ni nini." Zuhura angekasirika kwamba dada yake msomi hajui. Angeendelea kulia bila jibu, kama anavyolia hadi leo bila jibu, lakini asingekuwa ameishi mwaka mzima na jibu lisilo lake. Sikuweza kusema sijui, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa yule anayejua. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniomba nijue kila kitu. Nilijitwika mwenyewe.

Na utakapokosea, utakosea tu, usikae nalo kama nilivyokaa. Sikwambii ukiri upesi ili usamehewe. Mimi sikusamehewa, na sijui kama siku nane zingebadilisha chochote badala ya miezi minane. Nakwambia tu kwamba ile miezi ndiyo Zuhura aliyoniuliza. Chupa hakuiuliza hata mara moja.

Nimekuwa nikingoja kuhisi kitu wakati ninaandika haya. Nilidhani nikifika kwenye ule ungo wa mchele mkono utatetemeka. Haukutetemeka. Labda ndivyo lilivyokaa ndani yangu sasa, limekuwa gumu, halina joto wala baridi. Usidhani basi mamako hajali. Na wala usidhani ananyamaza kwa sababu ameshapona.

Jana nilikwenda Kombani. Nilikwambia nakwenda kununua nazi. Zuhura alikuwa kwenye kibanda chake, mashine ya kushonea mbele, leso zimening'inia. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana ya nyumbani. Nikamwambia, "Riziki anaondoka kesho kutwa."

"Nimesikia."

"Anakwenda kufanya kazi ile ile."

Akaendelea kukunja mshono. "Ya rangi?"

"Ya rangi. Ameniuliza jambo, nimeshindwa kumjibu. Nataka nimwandikie, lakini siwezi kumwandikia bila kukuandika wewe. Nimekuja kukuomba ruhusa."

Akaja mteja, mama mmoja na binti yake, wakachagua leso, wakapunguziwa, wakaenda. Zuhura akarudi kuketi.

"Mwandikie," akasema. "Usinionee huruma humo. Andika na kliniki, andika kwamba nilidanganya. Na mtoto mwandike kwa jina lake."

Nilikuwa sijui kama ana jina. Nilikuwapo alipozaliwa, niliishika kondo yake mikononi, nilimtazama ndani yake kwa hadubini juma zima, na sikuwahi kuuliza. Zuhura aliona. Akalitaja mwenyewe.

Anaitwa Mbaraka. Zuhura alimpa jina hilo mle wodini, kabla wanaume hawajamchukua kwenda kumzika. Alimtajia Hamisi tu.

Sasa la kesho, kwa kuwa nasikia mlango wa uani na huenda ni wewe. Gari tutakalopanda pamoja litapita Kombani mapema, na hapo husimama kupakia watu. Zuhura atakuwa kando ya barabara. Anataka kukuona kabla hujaondoka, ana leso amekuwekea, na sijui anataka kukwambia nini. Nilimuuliza kama nishuke nami.

Akasema, "Ashuke Riziki."

Basi shuka, mwanangu. Usifanye haraka, dereva nitamwomba angoje. Mpe shikamoo yako, umsikilize mpaka amalize. Mimi nitabaki garini na mizigo.

Mungu akutangulie na akurudishe.

Ni mimi, mamako.